Birika la Kambi ya Lahti

Wes Harju alikuwa mtu wa kukanda unga, na mji mzima ulikuwa na la kusema juu ya hilo. Wakati wanaume wenzake wa kaskazini mwa Michigan wanawasha misumeno msituni, yeye alikuwa nyuma ya duka la shangazi yake, mikono myeupe hadi viwikoni, anakunja pasti: unga mgumu uliofungwa nyama, viazi na vitunguu, chakula ambacho wachimba madini wa zamani walishuka nacho shimoni, na ambacho wajukuu wao mpaka leo hawaendi kuwinda bila kukibeba. Aliipenda kazi yake. Pasti haimkodolei mtu macho.

Maana lililomtesa tangu utotoni ni kutazamwa. Akiingia mahali penye watu, koo linakauka, mgongo unalowa jasho, na neno alilolitayarisha tangu nyumbani linamtoroka mlangoni. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Na sauti yenyewe, ikikubali kutoka, ilitoka nyembamba, ikapanda juu ghafla pasipotakiwa, kama ya kijana anayebalehe. Naye alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu.

Mke wake, Karlene, aliendesha gari kubwa la kaunti la kusukuma theluji. Alikuwa na mabega, alikuwa na kicheko, na alikuwa na shabaha. Baba yake, mzee Gust Lahti, ndiye aliyemfundisha kulenga akiwa mdogo. Kila Novemba, msimu wa kulungu ukifunguliwa, alimchukua kwenye kambi yake ya kuwindia na kujitamba naye kwa wenzake. Kisha Karlene akaanza kuota kifua, na Novemba iliyofuata mzee akapakia gari, akaondoka na mwanawe Rudy, bila kumwambia msichana hata neno moja. Kambi ni ya wanaume. Karlene akabaki kwenye ngazi za nyumba, buti miguuni. Hata leo, akilitaja jambo hilo, lazima mikono yake itafute kitu cha kushika.

Basi alipoolewa, mzee akatangaza kwamba mkwe atakwenda kambini. Kama mkwe mwenyewe anataka, hakuna aliyeuliza.

"Nenda tu," Karlene alimwambia, akimkabidhi bunduki yake mwenyewe, ile yenye darubini. "Nenda uwe mmoja wao. Wakishakuzoea, basi, yamekwisha."

"Na wasiponizoea?"

"Wes, ni watu watatu na sufuria ya maharage. Hawakuli."

Alikwenda kwa ajili yake. Angekuwa na uchaguzi angebaki na unga wake.

Kambi ya Lahti ni kibanda cha magogo mwisho wa njia ya malori, na nyuma yake kinaanza kinamasi cha mierezi, giza mchana kweupe. Walikuwa watatu kweli: mzee Gust mwenyewe, Rudy, kaka yake Karlene, mtu mwema akiwa peke yake na mkali akiwa mbele ya baba yake, na jirani yao Vern Salmi, mwenye sauti nzito ya kutikisa vikombe, ambaye kazi aliyotumwa duniani ni kuwabandika watu majina.

Uwindaji wa pale ni wa msako. Mmoja hukaa na bunduki kwenye mwinuko, ng'ambo ya kinamasi, akangoja. Wengine huingia kinamasini upande wa huku, wakatembea kwa mstari kumfukuza kulungu aelekee kwake. Kila anayetembea hupiga ukelele kila baada ya hatua chache, hoo, ili wenzake wajue alipo na mstari usipinde. Na yule anayengoja huko mbele anajua: kinachokuja na sauti ni mtu, kinachokuja kimya ni nyama. Ndiyo maana mgeni, siku anayofika, hupandishwa juu ya rundo la kuni mbele ya kibanda, apige ukelele wake, wenzake wauzoee.

Wes akapanda. Watu watatu wakasimama chini yake, mikono mifukoni, wakimtazama. Akavuta pumzi.

"Hoo."

Ikatoka nyembamba, ikapanda, ikapasukia huko juu.

Kisha Vern akageukia kibanda. "Jamani, nani kaacha birika motoni?"

Rudy akacheka mpaka akashika ukuta. "Rudia, shemeji! Chai bado haijaiva!"

"Hapana, imetosha, tumeisikia," Vern akasema. "Kesho kikilia kitu kinamasini, msipige risasi. Ni birika la Lahti hilo, linamtafuta mke wake na vikombe."

Wes akashuka, masikio yakimwaka moto. Mzee Gust naye alicheka, tena kwa nguvu. Lakini Wes, ambaye maisha yake yote amekuwa akichungulia nyuso za watu ajue kama anachekwa, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mzee alichelewa. Alimtazama Vern kwanza, akayaona meno, ndipo akacheka.

Wakati wa chakula aliendelea kumtazama. Vern aliponguruma kutoka nyuma ya mzee, mzee alijibu hapo hapo. Wes alipomwuliza kwa upande, "Mzee, nikusogezee chumvi?" mzee aliendelea kutafuna. Akauliza tena. Mzee akatafuna. Ndipo Wes akaelewa: sauti nzito mzee anaipata, nyembamba inampita kama haikutoka. Inaelekea alikuwa hivyo miaka mingi, na tangu mkewe angali hai alikuwa hasikii sauti za wanawake, wala hakuna aliyeshangaa, maana hata zamani, masikio yakiwa mazima, hakuwa na mazoea ya kuzisikiliza.

Asubuhi theluji ilianguka nzito, mabonge kwa mabonge. Rudy akatangulia kwenda mwinukoni na bunduki yake. Kwa umri wake mzee ndiye aliyestahili kukaa kule, lakini alikataa katakata. "Kukaa ni kwa wazee," alisema, na Wes alijua sababu nyingine: anayekaa lazima amsikie kulungu akija. Miaka yote mzee alitembea ubavuni mwa Vern. Mwaka huu Vern akapanga upya.

"Birika likae katikati, lisipotee," akasema. "Mimi kushoto. Gust, kulia kwake."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Wes aliuona mpango ule, akaona ubaya wake wote. Ilitosha aseme neno moja: mzee akae karibu na Vern. Neno likafika kooni, likakaa hapo. Vern alikuwa tayari anatabasamu kungoja atakachosema. Wes akafunga mdomo, wakaingia kinamasini.

"Hoo!" Vern akanguruma kushoto.

"Hoo," Wes akasema, kwa chini, akiibana sauti isipande.

Kulia kwake mzee akaita mara moja, mbali. Baadaye akaita mbali zaidi. Kisha hakuita tena. Theluji ilikuwa inamwagika kutoka matawini, na kati ya mierezi hakuonekana mtu. Wes alisimama akasikiliza. Akasogea mbele, akasimama tena.

Ndipo akaona kitu mbele yake. Cha kijivu, kimeinama, kinakatiza kutoka kulia kwenda kushoto, kimya kabisa.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijiona mwanamume kama wanaume wengine: amerudi kambini na kulungu, Vern amenyamaza, Karlene anacheka mlangoni. Akainua bunduki. Kwenye kioo cha darubini kile cha kijivu kikaja karibu, begani kina theluji. Kidole chake kikaingia kwenye kifyatulio. Kile kitu kikageuza kichwa, na kwenye kioo Wes akaona ndevu zenye barafu.

Alishusha bunduki. Mzee alikuwa ameivuta kofia ya koti lake la kijivu kichwani, ile ya rangi ya chungwa ya usalama ameisokomeza mfukoni, na kizibao cha chungwa kimefichika ndani ya koti. Alikuwa amepotea kwenye mstari, amewatangulia, na sasa anapanda taratibu kuelekea mwinukoni. Alikokaa Rudy na bunduki.

"Mzee," Wes akaita, kwa chini. "Mzee!"

Mzee akaendelea.

Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu anakwenda kuuawa na mwanawe mwenyewe, na Wes Harju, amesimama kwenye theluji, aliwaza: watacheka. Aliwaza rundo la kuni. Aliwaza birika. Mzee akapiga hatua, na hatua nyingine, na kwa kila hatua Wes alikuwa bado anaipima aibu yake. Huko juu kitu kikalia, chuma juu ya chuma: Rudy anakoki bunduki.

Ndipo akapiga ukelele. Akaiachia sauti yote, ikatoka kama filimbi, ikapasuka, akaiachia tena. "Rudy! Usipige! Ni baba yako! Usipige!"

Kulungu dume, pembe pana, aliyekuwa amelala baina ya mzee na mwinuko, akafumka kutoka vichakani na kupotea. Kwa umbali ule, na theluji ile, Rudy hakupata maneno. Alisikia mlio tu, na aliona pembe zikienda zake.

Kibandani alitupa glovu mezani. "Nilikuwa naye! Nilikuwa naye kwenye darubini, wa kijivu, anakuja mwenyewe. Shemeji, ulikuwa unamlilia nani?"

"Hakuwa yeye uliyem..." Wes akaanza.

"Birika limechemka kabla ya saa yake," Vern akasema, akavua buti. "Kajiogopesha na kivuli."

Wes akamtazama mzee. Mzee alikuwa ameketi karibu na jiko, kofia ya chungwa sasa iko kichwani, akiifuatisha midomo yao. Rudy akamgeukia, akasema kwa nguvu: "Baba, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye mstari," mzee akasema. "Ningekuwa wapi?"

Alimwangalia Wes machoni alipokuwa anasema hivyo. Hayakuwa macho ya mtu aliyekosea. Yalikuwa macho ya mtu anayekwambia, thubutu. Wes hakuthubutu. Maana angefungua mdomo angelazimika kuyasema yote, pamoja na kwamba yeye naye alimlenga mzee, kidole kikiwa mahali pake.

Nyumbani Karlene aliipangusa bunduki bila kumtazama. "Baba anasema ulishikwa na woga."

"Ndiyo."

"Ningekuwa mimi..." akasema, akaacha hapo.

Mwaka mzima Wes alikanda unga akiziona ndevu zile za kwenye kioo. Zilikuja asubuhi akiwasha tanuri, zilikuja kanisani, mzee akiwa amekaa safu za mbele, haimbi mpaka aone wengine wamefungua midomo. Vern alikuwa akiingia dukani, anamwagiza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Birika! Nipe mbili za moto!" Na Wes alitabasamu. Kwa hilo alijichukia kuliko yote.

Majani yalipokwisha kuanguka, Rudy alikuja, akasimama mlangoni akikung'uta miguu isiyo na theluji.

"Shemeji, kuhusu kambi. Mwaka huu tumejaa."

Kambi ina vitanda vinne, na mwaka uliopita walilala wanne. "Sawa," Wes akasema, akahisi nafuu kubwa, kisha akaionea aibu nafuu ile.

"Utatutengenezea pasti, lakini?"

"Nitatengeneza."

"Safi. Mzee siku hizi ana maringo, wee! Hata Vern akimwita, anaitika akipenda." Rudy akacheka, akaondoka.

Wes alibaki ameshika meza. Sasa hata ile nzito haipati.

Siku ya kuamkia ufunguzi wa msimu, mzee Gust alikuja mwenyewe kuchukua sanduku. Kila pasti ilikuwa imechorwa herufi ya mwenyewe pembeni, desturi ya tangu mashimoni, mtu asile ya mwenzake: G, R, V. Mzee akampa Wes mgongo, akasimama dirishani kutazama mawingu.

"Mzee, za mwisho bado zinapoa."

Mgongo.

"Mzee, tanuri linawaka moto."

Mgongo ule ule, koti lile lile la kijivu. Wes akaweka chini kitambaa. Na kwa kuwa hapakuwa na jicho lolote juu yake, kwa kuwa alikuwa anazungumza na koti tu, maneno yakaja.

"Husikii," akasema. "Ulitoka kwenye mstari kwa sababu husikii. Uliwadanganya, nami nikanyamaza. Rudy alikuwa na wewe kwenye darubini, si kulungu. Na kabla ya Rudy, mimi ndiye niliyekuwa na wewe. Nilikulenga, Mzee. Nilikuwa na kidole kwenye kifyatulio, na kama usingegeuza kichwa, leo Karlene hana baba na hana mume. Na kesho mnaingia mle tena. Siwezi kulala. Nasikia ule mlio wa chuma cha bunduki ya Rudy hata nikifunga mlango wa tanuri."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Alipomaliza alihisi baridi shingoni, akageuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Karlene amesimama pale na nguo zake za kazi, funguo mkononi.

"Ulimlenga baba yangu," akasema. "Na bunduki yangu."

"Ndiyo."

Kisha akamtazama yule wa dirishani. "Baba." Akasogea. "Baba!" Akaita mara ya tatu, kwa sauti anayotumia kushindana na injini, na mzee akaendelea kutazama mawingu. Karlene akaziba mdomo kwa mkono. Akaenda, akamgusa bega.

Mzee akaruka. Akawaona wawili wakimtazama, na uso wake ukavunjika. Kidogo tu, kisha akaukunja tena.

"Msimwambie Rudy," akasema.

"Baba, watakuua."

"Akijua ataninyang'anya kambi. Atanikalisha mbele ya televisheni na blanketi magotini kama bibi kizee. Unajua kukalishwa nyumbani watu wakienda?"

Karlene alimtazama tu, na mzee, ambaye alizoea kusoma midomo, safari hii alikuwa na uso mzima wa kusoma. Aliinamisha macho.

"Mimi niko zamu," Karlene akamwambia Wes. "Theluji inaingia mchana, barabara ni zangu zote. Sitaweza kufika kule."

Maana yake aliijua. Ni yeye atakayekwenda.

Mzee akanyoosha kidole. "Ukiwaambia, hutakanyaga tena kambini kwangu."

Wes akazunguka meza, akasimama mbele yake ambapo angeonekana vizuri, akasema polepole: "Mzee, hata sasa sikanyagi."

Akachukua pasti moja isiyo na herufi, akachora W kwa ncha ya kisu. Ukoko ukapasuka kidogo, lakini herufi ilisomeka. Akaitia sandukuni na zile nyingine, akavaa koti.

Aliingia kwenye gari la mzee bila kukaribishwa, mzee akaendesha bila kumtazama. Njia nzima Wes alikuwa anajaribu maneno, kwanza kwa chini, halafu kwa sauti, halafu kwa kelele, hapo hapo kwenye kiti. Mzee hakupepesa jicho.

Theluji ilikuwa imeanza walipofika. Rudy na Vern walitoka mlangoni na vikombe.

"Eh! Nani kaleta birika?" Vern akasema. "Tuna letu."

Wes hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la kuni, akapanda, magogo yakicheza chini ya miguu. Kila alichokiogopa maishani kilikuwa chini pale kinamtazama. Mzee aliona anachotaka kufanya. Akawageuzia wote mgongo, akainama nyuma ya gari kushusha sanduku, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kutosikia.

"Mzee hasikii!" Wes akasema, na sauti ikapanda, ikapasuka. "Mwaka jana alitoka kwenye mstari. Rudy, yule wa kijivu alikuwa baba yako. Na mimi nilimlenga kabla yako. Hasikii kitu!"

Vern alikuwa amekwisha fungua mdomo acheke. Kicheko hakikutoka. Akageukia gari.

"Gust!" akaita, kwa sauti ile ya kutikisa vikombe.

Mzee aliendelea kupangusa theluji kwenye sanduku.

"Gust!"

"Baba," Rudy akasema, kikombe kikimwagika. "Baba!"

Theluji ilikuwa inaanguka kwenye lile koti la kijivu, na mzee hakugeuka.